Ujumbe wa Sevisi Niliousoma Nusu

Jumanne, usiku

Usingizi umekataa, na wa kulaumiwa ni mdomo wangu.

Jioni Shangazi alinipa simu nimsomee ujumbe wa waliomuuzia gari la umeme. Eti sevisi imefika, abadilishe oili ya injini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Shangazi, hawa wanawatumia wenye magari yote ujumbe mmoja. Lako halina injini. Oili wamwage wapi, kwenye redio?"

"Nisomee yote, wewe uliyetoroka shule."

"Yote biashara tu." Nikaufuta ujumbe. Nilijiona fundi mkuu wa Mbulu nzima.

Sasa nakumbuka chini ya oili paliandikwa mafuta ya breki. Hayo hata gari la umeme linayahitaji. Na kesho anashuka mteremko mrefu kwenda msibani Mogitu, na chaja nimechomeka mimi, ili betri ijae kabisa. Gari hili likishuka hujizuia kwa kurudisha umeme kwenye betri; betri ikijaa, umeme hauna pa kwenda, na gari halijizuii lenyewe. Kazi yote inaachiwa breki, na breki zenyewe…

Nimetoka, nimechomoa chaja. Ufunguo nimeulalia.

Asubuhi nitamwamkia, shikamoo, kisha nimwambie tuanzie kwa fundi. Atanitangaza msiba mzima. Acha anitangaze, mradi afike.