Picha Ipi Ilitangulia

Mzenga, Kisarawe
Jumatatu asubuhi

Dada Mwantumu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo ulivyonilea, kwamba mkubwa huamkiwa hata kama umemnunia. Habari za hapo Kongowe? Shemeji Mudathir hajambo? Bado anaamka alfajiri kuwahi kazini Dar, au wamemhurumia wakamhamishia karibu? Na mwanao Badru, kile kikohozi kimemwacha? Huku sisi tu wazima. Goti la Shangazi Mwanamkuu linamsumbua kukiwa na baridi tu, mihogo imeshika vizuri, na machungwa mwaka huu ni mengi mpaka watoto wanayachezea mpira.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Simu nimeiogopa, dada. Nikikupigia utalia, na wewe ukilia mimi huwa nakusamehe kabla hata sijamaliza kukwambia ulichonikosea. Kwa hiyo nimemwomba Hashiru, anayeleta machungwa sokoni kwenu, aiweke barua hii mkononi mwako, asimpe mtu mwingine yeyote.

Uliniuliza juzi kwenye ujumbe afya yangu inaendeleaje, nikakujibu kwa neno moja tu. Sasa nakujibu vizuri. Siku hizi nikichana nywele, kitana hakiji na rundo la nywele kama zamani. Vidole vyangu vina joto. Natoka kisimani na ndoo kichwani na situi njiani. Daktari Elinipa amenipima tena moyo na damu, akasema mapigo yamekaa sawa, ila akanikanya nisijidanganye kwamba nimemaliza, kwa sababu mwili hutangulia kupona na kichwa hufuata nyuma taratibu. Ni kweli. Zipo siku bado naliona tonge kama adui. Ndiyo maana kliniki siachi, nakwenda nazungumza naye, na nikirudi nakula.

Hukuwahi kukaa nasi huku zaidi ya mchana mmoja, kwa hiyo hujui nilivyofika hapa nilipo. Siku Shangazi alipokuja kunichukua hospitali, daktari alimweleza kwamba natakiwa kula pamoja na watu, kidogo kidogo, na nisiachwe peke yangu baada ya kula. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama ni hivyo basi huyu ni mwali, na mwali yeye anajua kumtunza. Mimi na umri wangu huu, na cheti changu cha uhasibu, nikaingizwa ndani kama msichana aliyevunja ungo jana. Sikuruhusiwa kuchota maji wala kushika jembe. Wanawake wa jirani waliambiwa kuna mwali ndani, nao wakaja na mayai na karanga bila kuuliza mwali gani huyu mwenye miaka yote hiyo.

Usidhani ilikuwa raha. Siku ya kwanza Shangazi alinipikia wali wa nazi na kuku kana kwamba anamlisha fundi aliyemaliza kuezeka, nikaumwa tumbo mpaka nikajikunja. Alimpigia daktari akamfokea kwamba dawa zake ndizo zimeniharibu. Daktari Elinipa akamweleza kwa upole kuwa mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa ghafla unaweza kudhurika, hata moyo ukashindwa. Shangazi alinung'unika kutwa nzima, lakini kesho yake alinipikia uji wa karanga, akanipa kidogo, akasubiri, akanipa tena kidogo.

Kilichoniponya zaidi ni sinia. Kwako tulikula kila mtu na sahani yake mbele ya televisheni, na sahani ya mtu mzima nani ataichungulia? Nilikuwa naisogeza sogeza, naifunika, nainuka nayo. Sinia halina maficho. Mnakaa mkekani, kila mmoja ana upande wake, na upande wako usipoguswa kila mtu anauona. Shangazi hakuniambia kula hata mara moja. Alikuwa akimega samaki anamsogeza upande wangu, huku anasimulia umbea wa kijiji kizima. Tukishanawa ananipa ukili nisuke, na yeye anasuka, tunakaa hapo hapo mpaka chakula kitulie. Nilimchukia, dada. Nililia machozi yakadondokea kwenye kisamvu, naye akasema afadhali, maana alikuwa amesahau chumvi. Mkeka ninaoukalia nikikuandikia ndio ule niliousuka kwa hasira.

Siku zangu ziliporudi, Shangazi alipiga kigelegele mpaka jirani wakadhani mtoto amezaliwa. Akatangaza kuwa mwali anatolewa nje. Wewe ulikuja, na ile doti ya khanga ya njano uliyoniletea niliivaa siku hiyo hiyo. Unakumbuka wanawake walivyonizungusha, wakinishika mashavu na mikono, wakisema nimenawiri, nimejaa? Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianze kuumwa kusikia nimenenepa nisitamani kukimbia. Ndipo ukanivuta pembeni, ukaniambia nisimame ukutani, nigeuke ubavu kidogo, unipige picha ya ukumbusho. Uliniambia nisibane tumbo. Nikalilegeza, nikakuchekea. Nilidhani ni upendo.

Sasa niingie kwenye lililonifanya niandike.

Firdausi, yule mjukuu wa Shangazi wa kule Kurui, alipotoka kwako likizo alikuja kukaa hapa na sisi. Hakuniona nilipoletwa, alikuwa shuleni bweni. Ni mtoto mwenye maneno mengi na kicheko kingi, nikafurahi kumpata. Lakini haikupita muda nikaona mkono wake unatoka kwenye sinia kabla ya mikono ya wengine. Leo ana kichwa, kesho amekula kwa rafiki yake, keshokutwa amefunga. Shangazi alimsifu kwa kufunga. Mimi sikumsifu, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilianza kusikiliza anapokwenda uani baada ya kula, kama wewe ulivyokuwa ukisikia mlangoni kwangu.

Jumamosi nilikuwa nakunja nguo zake za shule. Chini yake nikakuta pakiti za ile chai yako ya kupunguza mwili, chai ya Nyigu. Sikushangaa, chai najua unauza, na mimi mwenyewe ulinianzishia hiyo hiyo, siku ile zipu ya gauni la sare ilipogoma kwa fundi na watu wakacheka. Nawe ulicheka. Kicheko kile nilikwisha kukusamehe. Ila safari hii pakiti ina karatasi mpya imebandikwa mbele, na kwenye karatasi hiyo nipo mimi.

Nipo mara mbili, dada. Upande mmoja nimevaa khanga ya njano, nimejaa, nacheka, tumbo nimelilegeza kama ulivyoniambia, na juu yake umeandika KABLA. Upande wa pili nipo kwenye gauni la buluu, mlangoni pa chumba nilicholala kwako, mifupa ya shingo imetokeza, na juu yake umeandika BAADA.

Nilikaa chini palepale kwenye nguo. Siku ya furaha yangu, siku Shangazi aliyonitoa nje kwa ngoma na vigelegele, wewe umeigeuza kuwa aibu ya kuponywa na majani yako. Na ugonjwa wangu umeufanya kuwa ndio uzima. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi nguo hiyo ni wewe uliyenivalisha.

Ingekuwa umefanya kwa kutojua, ningenyamaza. Lakini ni wewe peke yako niliyekwambia siri yangu. Mama hayupo, na wengine wote niliwaficha. Nilikueleza chumbani kwako, kwamba chakula nakitapika kwa makusudi na kwamba siwezi tena kuacha, na ukanikumbatia, ukaapa kwa kaburi la mama kuwa litaishia hapo na utanitafutia msaada. Na ile picha ya gauni la buluu, unakumbuka uliipiga lini? Mimi nakumbuka. Ni asubuhi ile ile ambayo baadaye nilianguka bafuni, Shemeji akanibeba kunipeleka hospitali. Ulisema nimependeza kama wale wa magazetini, nisimame mlangoni, niweke mkono juu kwenye fremu. Wateja wako wanadhani ni pozi. Kwa mkono ule nilishika fremu kwa sababu miguu ilikuwa hainibebi. Na wewe ulijua, kwa sababu ulipomaliza kupiga ndiwe uliyenishika kiuno ukanirudisha kitandani.

Nimeumia, Dada Mwantumu. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Nimekula kwa shida kila tonge ili nirudi kuwa mtu, kumbe wewe ulikuwa unanisubiri ninenepe upate picha.

Jana nilimkalisha Firdausi nikamweleza yote, hata yale ninayoyaonea haya. Nilimwambia khanga ya njano ilikuja mwisho. Aliniangalia kwa huruma, dada, huruma ya mtoto kwa mtu mzima anayejitetea. Akasema wewe ndiye uliyenilea, utanizushiaje uongo kwa picha yangu mwenyewe. Akasema ulikwisha kumtahadharisha kwamba nilikuwa nimependeza, nikaja kijijini nikajiachia, na sasa naona wivu kwa yeyote anayepungua. Kisha usiku wa jana hakugusa upande wake wa sinia.

Alhamisi ninampeleka kwa Daktari Elinipa, atake asitake. Kwa hiyo Shangazi itabidi aambiwe, na sijui nitaanzia wapi kumwambia kwamba ngoma yake imebandikwa kwenye pakiti. Sikwambii urudishe chochote, wala sikutishi kukuanika, ingawa karatasi zile naomba uzibandue zote hata kabla hujamaliza kusoma barua hii. Nataka jambo moja. Njoo huku Jumatano mchana. Njoo bila zawadi. Shangazi atapika ugali na kisamvu, tutakaa mkekani sote wanne, na upande wako wa sinia utaula wote mbele ya yule mtoto. Mimi nikisema haniamini. Neno lako analiamini, kama nilivyokuwa nikiliamini mimi. Basi umwambie kwa mdomo wako, ukimtazama machoni, picha ipi ilitangulia.

Usipokuja sitakuuliza sababu, na shikamoo yangu utaendelea kuipata, maana hiyo ulinifundisha vizuri. Ila upande wako wa sinia hautawekwa tena.

Nisalimie Shemeji Mudathir, na umwambie kwamba sijasahau alivyonibeba. Badru mpelekee busu langu na machungwa haya, ni yake peke yake. Jirani wote wa Mzenga waliokushika mkono siku ile ya ngoma wanakusalimu sana, wanasema nina dada mwema.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanajuma,
huyu wa sasa, ambaye ndiye wa baada.