Aliyenyonya kwa Wifi Zuhura

Mama,

Mjukuu wako kazaliwa. Ni mvulana, na ana masikio yako, yale uliyokuwa ukiyaficha ndani ya buibui. Nalia nikiandika, kwa hivyo mwandiko ukiharibika usinigombeze.

Ulitutoka nikiwa na mimba changa, tumerudi tu kutoka Bombay, ambako daktari aliikutanisha mbegu ya mume wangu Salim na yai langu ndani ya kichupa cha kioo. Wewe ulicheka: "Kwani Mngu haijui njia ya kioo?" Lakini wifi yangu Zuhura, dadake Salim, hakucheka. Alisema mbele ya watu pale Makadara: "Mwana wa mashini si damu yetu. Twajuaje walitia mbegu ya nani?" Tangu hapo hakukanyaga kwangu. Nami nikabaki na neno hilo moyoni, Mama, wewe hupo wa kunitetea.

Nikajifungua kwa kupasuliwa, homa ikanishika, maziwa yakakataa kutoka. Mtoto naye akayakataa ya kopo, akalia hadi sauti ikamkauka. Mavyaa, mamake Salim, akambeba akampeleka kwa Zuhura, ambaye bado anamnyonyesha Maryam wake. Naambiwa alimtazama, akasonya, kisha akafungua kifua. "Haya ndoo unyonye, usiye ukafa na njaa." Akamnyonyesha mpaka nilipopata nafuu.

Basi wajua maana yake. Kwetu aliyekunyonyesha ukashiba ni mamako, na wanawe ni nduguzo. Huyo aliyesema mtoto si damu yao sasa ni mamake kwa sheria ya dini, na hakuna kadhi wa kulitangua hilo. Shangazi zake Salim, walioanza kupanga kuwaoza mwanangu na Maryam, wamenuna: ndugu hawaoani. Ungewaona ungeshika mbavu.

Jana mimi na Zuhura tulikwenda na mtoto Biashara Street kununua leso. Mwenye duka akauliza mtoto ni wa nani. Kabla sijafungua mdomo, Zuhura akajibu, "Wangu." Niliona wivu, Mama. Na furaha pia, nikageuka nikajifanya nachagua rangi.

Nimekukosa sana. Mola akulaze pema, akupe nafasi na mwangaza huko uliko. Nami nakuahidi: siku mtoto atakapoita "mama" kwa mara ya kwanza, akimtazama Zuhura, nitanyamaza nimwache yeye aitike.

Mwanao,
Rukia