Saa Mbili ya Mama Atieno

Alhamisi. Mawingu yamekaa juu ya mtaa wetu wa Jericho tangu asubuhi, na mimi sijala wala sijaoga.

Jirani yangu Mama Atieno amepoteza jicho la kushoto, na aliyemponza ni mimi.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Java. Mwezi jana kliniki moja ya macho ilitulalamikia: mfumo wetu ukimwandikia mgonjwa 08:00, wazee wanasoma saa nane, wanafika mchana daktari ameshaondoka. Nikajiona mjanja. Nikatengeneza kigeuzi changu, kipande cha programu kinachobadilisha ujumbe kabla haujatumwa, kila saa inayotoka kwenye mfumo ipunguzwe sita, mtu asome saa mbili kama tunavyosema nyumbani.

Kilipaswa kushika ujumbe wa wagonjwa peke yake. Mimi nilikiweka mbele ya vigeuzi vyote, kwa mfumo mzima, kikawa kinabadilisha hata saa zisizo za wagonjwa. Nikajaribu kwa simu yangu, nikaona saa mbili, nikaenda zangu kula chapati.

Kompyuta ya mapokezi nayo ikaletewa 02:00. Kwake huo ni usiku, kliniki imefungwa, basi ikayafuta majina yote ya asubuhi.

Mama Atieno alikuwa ametolewa mtoto wa jicho hapo hapo kliniki siku mbili nyuma. Alifika kukaguliwa saa mbili kamili, akaambiwa hayumo kwenye orodha, arudi wiki ijayo. Jicho lilikuwa limeshaanza kutunga usaha.

Kurekebisha kulinichukua mistari minne tu ya programu. Kamau, tunayefanya naye kazi, aliiona akanivuta kando.

"Buda, nyamaza tu. Hakuna mtu atajua ni sisi."

Nikanyamaza. Siku ya tisa leo.

Mchana nimempelekea uji. Amenishika mkono, akaanza kunitetea mbele ya binti yake, maana wanajua ujumbe wa kliniki hutoka kwenye programu yangu.

"Ujumbe wa huyu kijana haukunidanganya. Uliniambia saa mbili, nikafika saa mbili. Ni yule msichana wa mapokezi alinifukuza."

Binti ameshaandika barua msichana huyo afutwe kazi. Anaipeleka kesho asubuhi. Amenisomea, akaniuliza kama imekaa vizuri.

Nikasema imekaa vizuri.

Najichukia. Nimekunywa chai yao mpaka nikamaliza kikombe, na mama akaniombea Mungu anizidishie akili.

Mlango wao uko ng'ambo ya kamba ya nguo, na redio yao naisikia kutoka hapa. Naenda kuwaambia ukweli sasa hivi, kabla sijapata sababu ya kungoja kesho.