Shee alivyonisemea kwa daktari

Ijumaa. Rasharasha tangu asubuhi, na mtaa wetu hapa Kismayu wote unanuka udongo uliolowa. Chakula cha mchana kimeshaliwa, vyombo vimeoshwa. Nimekaa barazani na simu yangu. Leo najisikia mwepesi, nataka kuandika jambo ambalo nimelionea haya muda mrefu.

Mimi hukoroma.

Mwanamume akikoroma, watu husema kazi imemchosha. Mwanamke akikoroma ni kichekesho. Nayajua haya kwa sababu yalinipata kisiwani Koyama, kwenye harusi ya binamu yangu, tulipolala wanawake watupu chumba kimoja. Asubuhi waliniigiza mpaka wakatokwa na machozi kwa kucheka. Nami nikacheka nao. Tangu siku hiyo, kila nikialikwa harusi visiwani, sikosi udhuru.

Mume wangu, Shee, ni fundi wa mashua. Ni mtu wa maneno machache. Tangu anioe hakuwahi kunitajia habari ya kukoroma, hata kwa utani. Nikajiambia hasikii, masikio yake yamezoea nyundo.

Mwaka huu presha ilipanda ikakataa kushuka. Nilimeza dawa kama nilivyoagizwa. Nilipunguza chumvi, Shee akawa anakula mchuzi wa samaki usio na ladha bila kulalamika. Wapi. Nikiamka kichwa kinauma, na mchana usingizi unanichukua popote. Siku moja nilisinzia juu ya mbuzi nikikuna nazi, nikazinduka kidole kinatoka damu. Kisha moyo nao ukaanza vituko: unakimbia, unasita, unakimbia tena. Hapo Shee aliweka vyombo vyake vya kazi chini akanipeleka kwa daktari.

Daktari wetu ni binti wa Kisomali, mpole sana. Alinipima moyo kwa mashine, akaitazama karatasi iliyotoka, kisha akaniuliza kwa Kisomali, kwa heshima ya kumwita mtu shangazi:

"Eeddo, usingizi wako ukoje?"

"Mzuri, alhamdulillahi," nikajibu upesi.

Shee, ambaye hana desturi ya kunizungumzia mbele za watu, akasema huku anaangalia viganja vyake:

"Si mzuri, daktari. Hukoroma, halafu hunyamaza. Pumzi hukatika kabisa. Mimi hukaa nikimsikiliza mpaka ashtuke avute hewa. Akikawia, humtikisa bega."

"Tangu lini, adeer?" daktari akamuuliza, naye akimwita ami kwa heshima.

"Tangu tulipompata Nuru."

Nuru ni binti yetu. Sasa yuko Mombasa na watoto wake mwenyewe.

Uso uliniwaka. Sikujua nimtazame nani.

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba nikilala koo langu huziba, hewa haipiti, na damu inapungukiwa na hewa safi. Mwili unashtuka kama wa mtu anayezama, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu. Jambo hilo likijirudia usiku kucha, mwaka baada ya mwaka, presha haishuki hata mchana, misuli ya moyo inakuwa minene, mapigo yanapotea njia. Mwisho wake unaweza kuwa kiharusi. Akanipa kifaa cha kubana kidole nilale nacho, na kilichosomeka asubuhi kikathibitisha maneno ya Shee.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa na hasira kidogo. Tungejua mapema, tungekwenda mapema.

"Wewe u mchu wa haya," alisema kwa Kibajuni chetu. "Ningekwambia, ungehamia chumba kingine. Nani angekusikiliza huko?"

Hasira ikaniishia pale pale, katikati ya barabara.

Nuru ndiye aliyeipata huko Mombasa mashine niliyoandikiwa, ile ya kusukuma hewa kooni nikilala, na daktari akaipanga inavyonifaa. Shee aliiunganisha na betri ya sola. Ina barakoa ya kufunika pua na mpira mrefu. Siku ya kwanza nilipoivaa alinitazama kwa muda, akasema nimefanana na mzamia kambakoche. Huo ndio utani wake wa kwanza kuhusu usingizi wangu, nami nilicheka mpaka barakoa ikachomoka.

Sijapona kabisa, nisijidanganye. Moyo wangu umeshanenepa kidogo, daktari hakunificha, na dawa bado nameza. Siku nyingine unasita kama zamani. Lakini presha imeshuka. Kichwa hakiumi nikiamka. Nimeshamtumia binamu yangu ujumbe kwamba binti yake akiolewa nitakuja Koyama, nitalala, na mashine yangu nitaiwasha mbele yao wote. Wacheke wakitaka.

Shee amelala mkekani ndani, mlango u wazi. Alisema anajinyoosha tu kidogo. Wenzake wamepita kumwita, nikawaambia wamwache. Amelala kwa uzito wa mtoto, mkono mmoja umeanguka nje ya mkeka, na wala rasharasha inayogonga mabati haimshtui. Sikumbuki kumwona hivi.

Miaka yote hii, alikuwa akilala saa ngapi?

Chai yake ikipoa nitaipasha moto. Anapumua taratibu, bila kukatika. Nimeacha kuandika mara kadhaa ili nimsikilize.