Hisa Ulizozichunguza Sana

Baba watoto,

Huku tu wazima. Kitinda mimba ameng'oka jino, na cherehani yangu imepona kikohozi.

Uchambuzi uliotuma kutoka huko kazini kwako, wa ile kampuni ya programu za simu, nimeusoma wote, maana tulikubaliana hatununui hisa kwa mapenzi. Mauzo yamepanda, sawa. Madeni hukuyagusa, na wewe ndiye uliyenifundisha kuanza na madeni. Badala yake umeandika kuwa mkurugenzi wao ni mwanamke makini, na akicheka hufunika mdomo kwa mkono.

Ripoti yao ya mwaka nimeipekua ukurasa kwa ukurasa. Picha yake ipo. Amenuna.

Hisa sinunui. Kicheko umekiona wapi?

Mama watoto wako, mpaka leo.