Dudu la Zipu Lililomchekesha Mama

Kayanga, Karagwe
14 Juni 2025

Mpendwa Kaka Abdulkarim,

Shikamoo. Hali yako, na joto la huko Muscat? Wifi Naila na watoto wameshalizoea? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Kahawa imeanza kuvunwa na mji umechangamka.

Unajua Mama alivyokuwa tangu tumzike Baba mwezi wa Rajabu. Hata eda ilipokwisha hakutaka kukanyaga duka letu la vitambaa. Chakula alikuwa akionja tu. Sikufichi, Kaka, nilianza kuogopa tutampoteza naye.

Jumapili alasiri jirani yetu Placidia alikuja kumjulia hali. Nikawasha televisheni angalau kuvunja ule ukimya. Ilikuwa tamthilia ya zamani ya watu wanaosafiri angani. Chombo kinapita katikati ya nyota, na uzi unaokining'iniza unaonekana waziwazi! Wakatua sayari ya mbali. Nahodha akaegemea jabali, jabali likabonyea kama godoro la sponji. Placidia akaguna.

Mara likatokea dudu la kutisha, linanguruma, watu wanakimbia. Lilipogeuka, Mama akasogea mbele.

"Ummy, ile si zipu mgongoni?"

Zipu kweli, Kaka, tena imeachia katikati!

"Sasa wanakimbia nini? Si wamshonee mwenzao!"

Placidia akajilaza mkekani kwa kicheko. Mama naye akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Wenyeji wa sayari walipoanza kuongea lugha moja na wageni, ndipo akazidi: "Wamefika leo, wanaelewana! Mimi miaka yote hii hapa Karagwe, nikienda kijijini Rugu bado wananicheka Kinyambo changu."

Halafu akasema, "Marehemu baba yenu angeshawagombeza hawa." Alimtaja akitabasamu, Kaka. Mara ya kwanza. Jioni akaomba ndizi na maharage, akamaliza sahani.

Jumatatu nilipofika dukani nilimkuta ameshafungua, anamfunulia mteja kitenge na kukisifia kwa sauti yake ile ile unayoijua. Nikabaki mlangoni kwanza, nifurahi peke yangu.

Mama anakusalimu sana, pia Placidia na Shangazi Mwanamisi. Wabusu watoto. Mola akupe afya na riziki ya halali, na atukutanishe sote tukiwa wazima.

Mdogo wako akupendaye daima,
Ummy