Ubao wa Mbele Haugusi Chini

Alhamisi. Ukungu umelalia ziwa tangu asubuhi, hata milima ya ng'ambo haionekani. Hakuna upepo. Mimi sipendi ziwa likinyamaza hivi.

Leo nimeogopa namba.

Wiki nzima mimi na Bahati, mwenzangu wa darasani, tunaifundisha roboti yetu kushuka. Tumeiita Kobe. Gari la kwenda sayari nyingine hutua likiwa juu ya jukwaa lake, na kule hakuna mtu wa kulishika mkono. Kamera zake mbili hupima kwanza kama ubao wa kushukia umegusa ardhi. Jukwaa letu sisi ni meza ya marehemu baba, iko juu ya sementi ya baraza. Mbao ni mbili, zimekazwa mezani kwa bolti: wa mbele unaelekea ziwani, wa nyuma barabarani. Jumamosi waamuzi wa mashindano wanakuja kuangalia.

Jumatatu kamera zilisema kati ya ubao wa mbele na ardhi kuna sentimita moja. Jumanne mbili. Jana nne, na Kobe akagoma kushuka. Nikamfokea Bahati kwamba ameharibu hesabu. Aliapa hajagusa kitu, nami sikumsikiliza. Nilimkosea.

Leo saba.

Nilichukua utepe wa kushonea wa mama, nikapiga magoti, nikapima mwenyewe. Saba. Mchanga ulikuwa umefagiliwa vizuri, mistari ya fagio imenyooka, hakuna hata ufa. Nikaweka sikio chini. Maji yalikuwa yanameza kitu humo ndani, polepole, chini ya lupango wetu, kiwanja chote hiki cha nyumba, hatua tatu tu kutoka ukuta wa chumba anacholala mama. Na kuku, jamani! Tangu Jumapili hawavuki upande ule, na mimi nilikuwa nawacheka.

Ndipo nikaiona ndoo ya mchanga nyuma ya jiko, imebaki nusu.

"Mama, ni weye unajaza huku?"

Mama hakuinua macho kwenye maharage yake. "Kila asubuhi, mbele ya weye kuamuka. Ile ufa iko inarudi, miye naifunika."

"Mbona hukutuambia?"

"Mungesema tuhame. Baba yako alifia mu hii nyumba. Nitamuacha na nani?"

Nikamgeuza Kobe. Kamera zikapima ubao wa nyuma: sifuri. Akashuka taratibu, akaelekea barabarani, na wiki nzima nilikuwa naisubiri dakika hiyo. Sikufurahi hata kidogo.

Mama alimfuata kwa macho mpaka getini.

"Naye amekataa huku?"

"Amekataa, mama."

Akasimama, akachukua fagio, akafuta nyayo zote za magurudumu, kuanzia getini mpaka barazani. Kisha akaingia kukunja nguo zake.

Naandika haya kwa kina Bahati, ndiko tutakakolala leo, jua bado halijazama. Nimemwomba Bahati radhi, akanipiga begani tu. Mashindano sijui tena. Shangazi wa Nyakabere amesema atatupokea, kesho tutahamisha vitu kwa mlango wa nyuma, upande wa barabara.

Mama amekuja na mfuko mmoja na fagio lake. Ameliegemeza ukutani, upande atakaolaza kichwa chake. Kesho asubuhi nikichelewa kuamka, nani atamzuia asirudi kuujaza ule ufa?